Nywele za Bwana Antoni

Mwezi uliopita nilimkabidhi Rama kiti changu cha kinyozi, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshakishusha, kwa sababu yeye ni mfupi. Sikukasirika. Nami nilikipandisha siku ile ile nilipokipata. Rama na wenzake wa pale Kona ya Musa wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Nadhani walitaka niwaambie nilivyopanda kutoka kibandani hadi saluni ya hoteli, lakini habari hiyo ni fupi na haina utamu. Nitawaandikia habari za vichwa.

Nilianza Msambweni, chumba kimoja karibu na soko, kwa Mwalimu Mwinyihaji. Watu walimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kumfundisha mtu yeyote isipokuwa mimi. Wiki tatu za mwanzo nilifagia nywele na kunoa wembe kwenye ukanda wa ngozi. Wiki ya nne alipuliza puto, akalipaka povu la sabuni, akaniambia nilinyoe. La kwanza likapasuka. La pili likapasuka. La tatu alinipa polepole, akasema, "Salim, hili ndilo la mwisho. La nne litakuwa kichwa chako." Lile halikupasuka.

Kichwa changu cha kwanza cha mtu hai kilikuwa cha mtoto wa siku saba, kule Mkwiro. Mwalimu alikuwa ameitwa kwenda kumnyoa nywele za uzazi, nami nilikwenda kumbebea mkoba. Tulipofika, nyumba imejaa wanawake, ubani unafuka, mama mtu amempakata mwanawe, Mwalimu akafungua mkoba, akatoa wembe, akanipa mimi. Mbele ya watu wote wale! Sikuweza kukataa wala sikuweza kukubali. Niliushika. Utosi wa mtoto ulikuwa ukipanda na kushuka kama kitu kinachopumua peke yake. Nilinyoa huku jasho linanidondoka puani, na mtoto akalala usingizi mpaka nikamaliza. Bibi yake akakipapasa kile kichwa, akasema, "Huyu ana mkono mwepesi." Sijapata cheti kingine tangu siku ile.

Zana zetu zilikuwa chache. Mikasi miwili, mashine ya mkono iliyong'ata watu ikikosa mafuta, brashi, kitana, chanuo, na jiwe la shabu la kuzuia damu. Mkiwa na hizi mashine zenu za umeme mnacheka, lakini mashine ya mkono ilikufunza kutulia, kwa sababu ukiharakisha mteja analia machozi na kesho anakwenda kwa mwingine.

Mwalimu alinifunza pia kunyamaza, na somo hilo lilinichukua muda mrefu kuliko puto. Kinyozi huona mengi. Anaona mba, mashilingi ya choa, makovu ya kupigwa, na mahali mtu anapoanza kunyonyoka kabla mkewe hajajua. Kijana mmoja wa Jego alitujia siku mbili kabla ya harusi yake, nyuma ya kichwa ana upaa wa mviringo kama sahani ya kikombe, uliotokea ghafla. Mwalimu hakuuliza kitu. Alimnyoa kipara, akampaka mafuta, kisha akawaita ndugu zake wanne waliokuwa wakingoja nje, akawaambia bwana harusi amechagua kunyoa nao itawabidi wafanane naye. Wakanyolewa wote. Watu wa Jego wakadhani ni mtindo, na mwezi ule tulinyoa vipara hata tukachoka. Siri ile nimekaa nayo mpaka leo, na leo naisema kwa kuwa wahusika wote wameshatangulia mbele ya haki.

Mwalimu alipopofuka, alinitafutia kazi hotelini Diani. Saluni ilikuwa na vioo pande zote, na upande wa wanawake alikuwa Wambui, msusi kutoka bara, mcheshi, mwenye sauti iliyofika mpaka bwawa la kuogelea. Tulifanya kazi chumba kimoja miaka mingi. Yeye alizungumza na wateja tangu wanapoingia mpaka wanapotoka. Mimi nilisema "Karibu" na "Ahsante". Sijui nani alipendwa zaidi.

Ni Wambui aliyenionyesha Bwana Antoni kwanza. Ilikuwa miaka ya themanini. Mzee mrefu alipita barazani na kofia ya ukindu, amenyooka mgongo kama aliyebeba mtungi kichwani, na watalii wawili wa makamo wakainuka kumsalimu.

"Salim, unamwona huyo? Huyo alikuwa staa kubwa huko Hollywood," Wambui akasema. "Anton Delvarra. Mamangu alimwona kwa sinema Nairobi, akaota yeye wiki mzima."

"Ni mtu wa wapi?"

"Mspaniola. Sasa amekodi nyumba hapa chini Galu. Anaishi pekee yake, si ni huruma?"

Siku chache baadaye Bwana Antoni alinipelekea ujumbe niende kumhudumia nyumbani. Nilikwenda na mkoba wangu Alhamisi baada ya adhuhuri. Alinifungulia mwenyewe, kofia kichwani, akaniambia kwa Kiswahili, "Shikamoo."

Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini, naye ana sabini. Nikamwambia kwa upole kwamba neno lile mimi ndiye wa kumwambia yeye. Akacheka sana. "Basi nimewaamkia watoto wote wa Galu," akasema. Tangu siku ile tulizungumza hivyo, Kiingereza changu cha hotelini na Kiswahili chake cha kuokoteza, kimoja kikikwama tunachukua kingine.

Alifunga mlango kwa ufunguo. Alifunga na madirisha, na joto lile mnalijua. Kisha akanionyesha mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka, si sana, lakini haikukoma. Akatoa chupa kabatini. Ndani yake mlikuwa na uji mweupe mzito wa viazi vilivyopondwa, mayai, na magadi makali yale ya kupikia sabuni. Akasema, "Hii inapakwa, inakaa mpaka nikisema basi, halafu inaoshwa upesi. Nimejifanyia mwenyewe miaka mingi. Sasa mikono haitaki."

Kisha akavua kofia.

Wenzangu, nimeshika vichwa vingi mpaka hapo nilipofika, na mikono hujua kabla ya mtu mwenyewe kujua. Nywele zake zilikuwa zimelala chini, nyeupe, zimenyooka kama za kwenye picha. Lakini zilikuwa zimeota wiki tatu bila dawa, na kule chini kwenye shina zilikuwa zimejikunja punje punje, kama zangu, kama za Mwalimu, kama za yule mtoto wa Mkwiro. Na ngozi ilikuwa imeungua. Kulikuwa na vidonda vitatu vibichi juu ya sikio na kimoja kisogoni, vinatoka maji.

Alikuwa akinitazama kwenye kioo. Nilijua anangoja niseme kitu.

Nikasema, "Mzee, siwezi kuweka dawa juu ya kidonda."

"Nimeweka mara nyingi."

"Ulijiwekea mwenyewe. Mimi sikuweka."

Aligeuka kwenye kiti, na hapo nikaona alivyokuwa staa, maana uso wake ulibadilika wote kwa mara moja, ukawa wa mtu anayeamrisha majeshi. Akaniambia nifunge mkoba wangu niende. Nikafunga. Nilimwachia kichupa cha mafuta ya nazi yaliyochemshwa, nikamwambia apake asubuhi na jioni. Njiani nilijilaumu, kwa sababu mteja kama yule akilalamika hotelini mimi ndiye wa kuondoka.

Hakulalamika. Wiki tatu zilipita kimya, halafu nikaitwa tena. Safari hii madirisha yalikuwa wazi. Vidonda vilikuwa vimefunga, na nywele zilikuwa zimeota kiasi cha nusu kidole. Chupa ya uji sikuiona.

"Umeziona mara ya kwanza ile," akasema.

"Niliziona."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, Mzee? Ni nywele zako."

Nikamtandazia kitambaa, nikaanza kukata zile ncha zilizonyooka, taratibu, na zilipokuwa zikianguka sakafuni alianza kusimulia. Alisimulia Alhamisi ile na Alhamisi nyingi zilizofuata. Nitawaeleza kwa mfuatano, ingawa yeye alirukaruka.

Jina lake alilopewa na mama yake lilikuwa Ezekieli. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto, kusini mwa Marekani, mtoto wa watu weusi. Mama yake alikuwa dobi. Yeye alitoka mweupe kuliko wenzake kwa sababu ya mambo yaliyotendwa na mabwana kwa bibi za bibi zake, na dada yake Ruth akatoka mweusi kama mama yao. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alipanda treni kwenda California kutafuta kazi. Siku hizo weusi na weupe hawakukaa behewa moja. Katikati ya njia ilibidi abadilishe treni, na mkaguzi aliyekuwa na haraka akamshika bega, akamsukumiza kwenye behewa la weupe.

"Sikusema uongo," Bwana Antoni aliniambia. "Nilikaa tu. Nilikuwa nimechoka. Nikajiambia nitainuka kituo kinachofuata."

Hakuinuka. California alipata kazi ya kubeba mbao na kupaka rangi kwenye uwanja wa kupigia filamu. Siku moja mpanda farasi aliumwa tumbo, na msimamizi akauliza ni nani ajuaye kupanda. Yeye alijua, kwa kuwa nyumbani alipanda nyumbu wa jirani, yule chotara wa punda na farasi. Akavikwa nguo, akapigwa picha, na mkubwa mmoja akautazama ule uso akauliza, "Huyu ni nani?" Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamempa jina la Anton Delvarra na baba mwenye shamba la mizeituni Uhispania. Alilazimika kukariri habari za baba huyo kama alivyokariri maneno ya filamu.

Alicheza masheikh, majambazi wa Meksiko, Wahindi Wekundu, na padri mmoja wa Kiitaliano. Niliuliza kama aliwahi kumwoa yule binti mzuri mwisho wa filamu. "Hata mara moja," akasema. "Ama nilikufa, ama niliondoka na farasi." Kila baada ya siku kumi alijifungia peke yake na ile chupa. Katika watu wote wa kule, aliamini kwamba ni mmoja tu aliyeijua siri yake, mama mmoja mweusi aliyefagia vyumba vya kubadilishia nguo. Siku moja kichwa kilipomuungua sana, alikuta juu ya meza kopo la mafuta ya kupoza. Kesho yake likawepo jingine. Yule mama hakumsemesha hata siku moja, naye hakupata kumwambia ahsante, kwa kuwa kumshukuru kungekuwa kukiri.

Nilimuuliza habari za mama yake na dada yake. Alijibu Alhamisi iliyofuata.

Alikuwa ameshakuwa mtu mkubwa, picha yake imebandikwa kwenye kuta za mji. Asubuhi moja mlinzi wa geti alimpigia simu ndani. "Kuna mama mweusi hapa anasema ni dada yako." Watu watatu walikuwa chumbani naye, wamesikia, wanacheka. Naye akacheka. Akasema, "Mwambie amekosea mtu." Kisha akaenda dirishani. Ruth alikuwa getini na mumewe, amevaa koti la kijivu, amekumbatia mkebe wa bati. Mlinzi akasema naye. Ruth akalitazama lile jengo, dirisha moja baada ya jingine, halafu akageuka.

Mwaka uliofuata mama yao alifariki. Habari ilimfikia miezi miwili baadaye kwa kupitia mtu wa mbali. Wiki hiyo alikuwa akicheza sehemu ya kumlilia rafiki aliyeuawa vitani, na msimamizi wa filamu akamkatiza akamwambia asizidishe.

"Na kwetu huku ulifikaje?" nikamuuliza, kwa sababu nilitaka kumwondoa pale.

Alikuja mara ya kwanza kupiga filamu, zamani, kabla ya Uhuru. Alicheza mfanyabiashara wa watumwa, na watumwa walikuwa watu wa vijiji vya huku, Wadigo wa Diani na Msambweni, walioajiriwa kutembea na minyororo ya mbao iliyopakwa rangi. Wakati wa kupumzika bibi mmoja miongoni mwao alimfuata, akamshika kiganja, akamtazama usoni, akamuuliza kitu. Mkalimani akamwambia, "Anauliza wewe ni mtoto wa nani." Hakutaka kujua kama yeye ni staa wala Mspaniola. Bwana Antoni aliuchomoa mkono wake, akaenda nyuma ya lori akakaa huko mpaka walipomtafuta. Kazi ilipomwacha, maana kazi ile humwacha mtu uso ukizeeka, hapa ndipo mahali pekee alipopakumbuka.

Nilikuwa nikimkata kidogo kidogo kila Alhamisi, na siku hiyo nikamaliza. Zile zilizonyooka zilikuwa zimekwisha zote sakafuni. Kichwani zimebaki zake, fupi, nyeupe, zimejikunja. Nilimpa kioo cha mkononi. Alijitazama muda mrefu, mkono ukitetemeka na kioo kikirusha mwanga ukutani.

"Huyu ni babangu," akasema.

Jumamosi iliyofuata alinitaka nimsindikize Ukunda kununua matunda. Aliiacha kofia nyumbani. Mwanamke aliyemuuzia maembe kila wiki, aliyezoea kumwambia "Jambo, mzungu", alimtazama, akasita, akafunika vizuri kanga yake, akasema, "Shikamoo, babu." Safari hii alikuwa anajua jibu. "Marahaba, mwanangu," akasema, akaongeza na habari za nyumbani, na tulipofika garini alikuwa bado amebeba chenji mkononi, amesahau kuitia mfukoni. Baadhi ya majirani zake wazee wa Kizungu waliacha kumwita kucheza karata. Alisema hakuwa mchezaji mzuri.

Wambui alimwona akipita hotelini vile. Halafu akanigeukia. "Salim, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Aki wewe!" akasema, akanirushia taulo.

Ndipo Bwana Antoni alipotaka kuandika barua. Mikono haikuruhusu, kwa hiyo niliandika mimi, kwa Kiingereza changu cha shule, yeye akitamka. Tuliharibu karatasi nyingi. Mara ya kwanza ilikuwa ndefu, na alipoisikia ikisomwa akasema, "Hayo ni maneno ya filamu. Choma." Iliyokwenda ilikuwa na mistari minne. *Ruth, mimi ni Ezekieli. Niko hai, niko Afrika. Niliyosema getini ni uongo. Kama hutaki kunijibu, ni haki yako.* Hakujua anwani yake wala kama yu hai. Tuliituma kwa mchungaji wa kanisa lililokuwa karibu na daraja la mji wao, kama kanisa lenyewe bado lilikuwa limesimama.

Miezi ilipita. Alikonda. Kola za mashati zikawa zinazunguka shingoni. Nilianza kuleta wembe na mkasi hata pasipo kitu cha kukata, nikimsingasinga tu kichwa kwa mafuta, na wakati mwingine alilala kwenye kiti nikamngoja.

Jibu lilipofika lilikuwa fupi kuliko letu. Ruth alikuwa mwalimu aliyestaafu, mjane. Aliandika, *Nina jambo moja la kukuuliza na sitaliuliza kwa barua. Nakuja.*

Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege Mombasa. Bwana Antoni alikuwa amevaa tena kofia. Watu walitoka, wakatoka, halafu akatoka mama mmoja mfupi, mweusi, amejifunga kitambaa kichwani, anatembea kwa mkongojo. Ruth alimjua kakake mara moja. Alikuja mpaka mbele yake, akainua mkono, akamvua ile kofia. Akamtazama kichwa. Akakipapasa, kama yule bibi wa Mkwiro alivyopapasa, bila haraka. Hakumkumbatia. Kivukoni Likoni tulikaa watatu katikati ya makelele, kofia ingali mkononi mwa Ruth.

Kesho yake alinikuta barazani nikimnyoa kakake ndevu. Nilitaka kuondoka. Akaniashiria nibaki.

"Siku ile getini," akamuuliza, "uliniona?"

Nilikuwa na wembe shingoni mwake, nikausikia mshipa ukipiga. Nikauondoa wembe.

"Nilikuona," Bwana Antoni akasema. "Nilikuwa dirishani. Ulivaa koti la kijivu. Ulikuwa na mkebe."

Ruth akatikisa kichwa taratibu. "Miaka yote nimejiambia labda hukuambiwa. Labda yule mlinzi hakupiga simu kweli." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba alichopewa.

Siku mbili hakusema naye. Alikula chumbani. Bwana Antoni hakula kabisa. Mimi nilipita kila nikitoka kazini, nikamkuta amekaa pale pale, ndevu zimenyolewa upande mmoja, upande mwingine hataki zishikwe.

"Ungeweza kumwambia hukumwona," nilisema. Sikupaswa kusema, lakini nilimwonea uchungu. "Wewe ni mwigizaji. Angeamini."

"Angeamini," akasema. "Ndiyo maana sikuweza."

Siku ya tatu nilimkuta Ruth barazani amekaa karibu naye, miguu juu ya stuli kwa sababu ilimuuma. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha daftari.

"Katika ule mkebe mlikuwa na keki. Mama alikuokea, ile ya viazi vitamu. Tuliila mimi na mume wangu ndani ya basi tukirudi. Ilikuwa nzuri sana, kama unataka kujua."

"Na Mama?"

"Nilimwambia umeipokea. Nilimwambia umeila yote mbele yangu na umeomba nyingine. Alifurahi mpaka siku aliyokufa. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyeigiza katika nyumba ile."

Bwana Antoni alijifunika uso kwa mikono. Nimewaona watu wakilia kwenye kiti changu, lakini yeye alilia vibaya, kwa kikohozi, kwa makamasi, bila mpangilio wowote. Ruth alimwacha. Kisha akaendelea. Filamu zake zote alizitazama. Katika sinema ya mji wao weusi walikaa ghorofani, juu kabisa, karibu na joto la dari. Alikuwa akipanda zile ngazi na kukaa peke yake. Mara moja, alipomwona kakake juu ya farasi, alisema kwa sauti, "Huyo ni kaka yangu." Watu wakacheka, mtu mmoja akamrushia bisi.

"Nilikukasirikia miaka arobaini," akasema, "na sikukosa filamu hata moja. Sasa mwache huyu bwana akunyoe upande uliobaki, unatisha."

Nilimnyoa. Mkono wangu haukuwa mwepesi siku hiyo.

Ruth alikaa wiki tano. Alijifunza kuwapungia watu mkono barabarani na kubishana bei na yule mwuza maembe. Kisha akamwambia kakake afunge mizigo, nyumba ya Mama ina vyumba vitatu na yeye amechoka kufagia viwili visivyo na mtu. Nilidhani angekataa. Aliniambia anaogopa mji ule kuliko alivyowahi kuogopa kamera. Lakini alifunga. Alhamisi ya mwisho nilimkata nywele polepole. Mlangoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akasema, "Shikamoo, Salim," nami sikumsahihisha.

Barua ya Ruth ilinifikia saluni miezi kadhaa baadaye. Aliandika kwamba kakake hajambo, anakula, anasumbua. Mwanzoni hakutoka nje. Watu wa mji walijua yeye ni nani na alifanya nini, na wengine hawakutaka kumwona. Halafu Jumamosi moja nywele zilimzidi, akaenda mwenyewe kwa kinyozi wa weusi, mahali ambapo baba yao alinyolewa. Ruth alimfuata kwa mbali akasimama ng'ambo ya barabara. Alipofungua mlango, wanaume wote waliokuwa wakibishana wakanyamaza. Alisimama mlangoni hajui aingie au arudi, mlango ukiwa wazi hata Ruth akasikia yote. Kinyozi, mzee wa rika lake, alimtazama muda. Kisha akakipiga kiti chake makofi mawili kukung'uta nywele, akasema, "Kaa hapa, Ezekieli. Foleni ni ndefu lakini wewe umechelewa sana."

Niliisoma nimesimama, mkasi mkononi, kisha nikaisoma tena. Mteja aliyekuwa akingoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia la, ni habari njema. Nikafuta macho kwa taulo safi, nikamtandazia kitambaa, nikamuuliza anataka zibaki kiasi gani.